Dole Gumba la Teodosia

Nachingwea,
3 Februari 2025

Mwanangu Rogath,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako ya Jumapili simu iliikata katikati, kwa hiyo nakurudishia marahaba nzima humu. Huku tuko salama. Mvua imekuja kwa adabu mwaka huu na mahindi yamefika kiunoni. Yule kuku mweusi mliyeniachia Krismasi ametaga, akalalia, akaacha, sasa amerudi kulalia tena. Hana msimamo kabisa. Dada yako Faith anawasalimu kutoka Dodoma. Tangu wamhamishie kazi ya uuguzi wodi ya wazee anaongea na kila mtu polepole, hata na mimi mama yake, kama vile Kiswahili nimeanza kukisikia juzi.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Kwenye simu ungecheka, na Faith akikuuliza ungemwambia. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Tangu Krismasi naangusha herufi. Nikichapa kwenye ule Ubao, programu ya kuandikia uliyoniwekea kwenye kompyuta, namaliza neno, naacha nafasi, na herufi ya kwanza ya neno linalofuata haipo. Siku nyingine mstari mzima unarukia juu, au maneno yananenepa bila kuambiwa. Natazama vidole, naona vimegonga. Natazama kioo, hakuna kitu. Mayunga, yule mfugaji wa Mbwemkuru anayekuja huku mnadani kila wiki, nilimchapia barua ya kuomba wafugaji watengewe njia ya kupeleka ng'ombe majini. Akaisoma mbele ya mkutano wa kijiji kama ilivyo, watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Aliporudi akaniambia, "Mama, barua yako ina mapengo kushinda mdomo wa babu yangu." Nikacheka naye. Alipoondoka nikafunga mlango wa steshenari, nikakaa.

Unamkumbuka bibi yako. Alianza kwa kuruka Salamu Maria kwenye rozari. Mara moja, halafu mara kwa mara. Sisi tulidhani ni usingizi. Mwisho alikuwa ananiita mimi shangazi, na mama yako hamjui kabisa.

Faith akijua atanihamishia Dodoma, na hii meza yangu ya kuchapa atapewa mtu mwingine. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenye kuyaelewa mambo haya, na usinidanganye: ni programu, au ni kichwa changu? Barua hii nimeiandika kwa kalamu ili uielewe. Nyuma yake kuna ukurasa niliouchapa, sijausahihisha, ujionee.

Wako mama mkubwa,
Bertila


Ruangwa,
19 Februari 2025

Mama Mkubwa,

Milele amina, na shikamoo tena, hii haitakatika. Sisi wazima. Mkweo Marystella anakushukuru kwa ming'oko uliyotuchimbia porini. Anasema ilikuwa mizuri sana, mimi sijui, maana niliporudi kutoka shuleni nilikuta sufuria limeoshwa. Wanafunzi wangu wa fizikia wamefanya mtihani wa majaribio na mimi ndiye niliyefeli, kwa matokeo niliyoyaona.

Nimeusoma ukurasa wako. Krismasi, ulipokuwa jikoni, niliutoa Ubao wa zamani nikakuwekea mpya. Sikukwambia kwa sababu nilidhani hutaona tofauti. Kwa hiyo mimi namshuku Ubao kabla ya kumshuku mtu yeyote.

Nikueleze jinsi ulivyo. Ubao ni programu huria, hauna mwenyewe. Watu wa nchi nyingi wanaushona bure, kila mmoja kwa muda wake, na yeyote anaweza kuufungua akaona ndani na kurekebisha. Mimi mwenyewe nimewahi kutia viraka viwili vitatu humo. Kama kosa limo, nitalipata.

Nisaidie jambo moja tu. Ile kompyuta ya pili hapo steshenari ina programu nyingine ya kuandikia. Chapa huko ukurasa uleule, utazame kama herufi zinaanguka. Zisipoanguka, tumeshajua mkosaji. Na unitumie kurasa nyingine zenye mapengo, nyingi kadiri unavyoweza. Mayunga amekubali kuwa posta wetu, kwa kuwa kwenda na kurudi mnadani lazima apite Ruangwa.

Usiwaze sana. Chakula unakula?

Mwanao,
Rogath


Nachingwea,
14 Machi 2025

Mwanangu Rogath,

Salamu zako zimefika zimelowa. Barabara ilikatika, Mayunga akalala njiani na barua yako ndani ya fulana, lakini wino umevumilia. Hapa nyumbani mbaazi zimeota vizuri na nzige wa umeme, maana yake wale wanaokuja kukata, wamepita mara mbili. Nakula. Usiniulize tena kama nakula, hilo ni swali la Faith.

Nimesoma ulivyoniagiza kuhusu kompyuta ya pili. Umeme umekuwa wa kubahatisha.

Nimechapa kurasa ulizotaka, ziko ndani ya bahasha. Wakati nachapa nilikuwa namfikiria mama yako. Wewe hukuijua ile mashine ya parokiani Ruponda. Ilikuwa ya kijivu, nzito, ilikuja kutoka misheni nyingine ikiwa tayari imechoka, na Sista akatuweka mimi na Teodosia tujifunzie hiyohiyo kwa zamu, mimi nikichapa yeye ananisomea, halafu tunabadilishana. Sista alikuwa anapigapiga rula mezani, na sisi tunafuata. Ugonjwa wa mashine ile ulikuwa kwenye kile kitufe kirefu cha chini, cha kuachia nafasi. Springi yake ilikufa. Ukikiachia mapema, karatasi inaruka nafasi mbili tatu na barua ya Baba Paroko inakuwa na mashimo. Basi tulifundishwa kukishikilia kwa dole gumba, usikiachie mpaka herufi inayofuata imegonga karatasi. Mimi nilizoea haraka. Mama yako alikuwa anakishikilia kwa nguvu zote, kama kuna mtu anataka kumnyang'anya, mpaka kidole kinakufa ganzi. Usiku amelala, dole gumba bado limekunjwa.

Wewe ulipozaliwa alirudi kazini na wewe. Ulilala ndani ya kasha la karatasi chini ya meza. Mashine ikisema unanyamaza, mashine ikinyamaza unalia. Baba Paroko alikuwa anasema mtoto huyu atakuwa karani au atakuwa mashine. Nilikuwa nakuja kumpokea zamu na kabla sijafika mlangoni nilikuwa najua yuko katikati ya sentensi, kwa kuwa hulii.

Natamani siku moja tu ya siku zile. Si kwa sababu ya ujana, ujana ulikuwa na njaa yake. Ni kwa sababu nilikuwa nakaa kwenye benchi moja na mtu aliyejua nitachapa nini kabla sijachapa.

Nimekuchosha. Msalimie Marystella.

Mama yako mkubwa,
Bertila


Nachingwea,
2 Mei 2025

Rogath,

Salamu. Sisi wazima, ufuta wa Naipingo umeanza kukatwa, kuku ameangua wanne.

Mayunga anasema alikuona sokoni Ruangwa akakuuliza kama una mzigo wa huku, ukamwambia huna. Jumapili kwenye simu unaniuliza habari za mvua. Mvua imekwisha, mwanangu. Kimya chako nimekisoma na nimekielewa, na sikulaumu, kwa sababu hata mimi nisingejua la kumwandikia mtu katika hali kama hiyo.

Nimemweleza Faith kila kitu. Hakushangaa, jambo ambalo limeniuma. Atakuja kunichukua mwezi wa saba. Nimekubali.

Ubao wako sina kinyongo nao.

Bertila


Ruangwa,
20 Mei 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Salamu za nyumbani zitasubiri chini, leo naanza na lenyewe: SI KICHWA CHAKO. Nimeandika kwa herufi kubwa nikijua wewe huwa unawafokea wateja wanaoandika hivyo.

Sasa nikueleze kimya changu. Kurasa zako zote nilizichapa upya mimi mwenyewe, kwenye Ubao uleule mpya, neno kwa neno. Haikuanguka hata herufi moja. Nikawaandikia wenzangu wa Ubao. Mmoja wao, yuko nchi ya baridi huko, akajibu kwamba programu haina tatizo, mtumiaji akachunguze kibodi yake na mikono yake, akaifunga hoja. Wewe nawe hukunijibu kuhusu ile kompyuta ya pili. Nikaogopa kukuuliza tena kwa sababu nilidhani jibu nalijua. Ningekuandikia nini? Nilimwona Mayunga sokoni nikajifanya nina haraka.

Tarehe kumi na moja ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mama. Tulitoka misani, Marystella akaniomba nimsomee ile barua yako ya mashine, kwa kuwa yeye hakuwahi kumwona mkwewe. Nikasoma. Nilipofika kwenye kasha la karatasi nikampa Marystella amalizie mwenyewe. Nilimkumbuka mno, Mama Mkubwa, sijui niseme vipi. Nilikwenda nikakaa kwenye kompyuta, wala si kwa kutafuta kosa. Nilitaka kujua tu mkono wake ulikuwaje. Nikakishikilia kitufe kirefu kwa dole gumba kama ulivyoeleza, nisikiachie mpaka herufi inayofuata igonge. Nikaandika, Mama yangu Teodosia wa Ruponda.

Kioo kikaniandikia: Mama angu eodosia a uponda.

Nilipiga kelele mpaka Marystella akaja mbio akidhani nimepigiwa simu ya msiba. Nikamwonyesha. Nikaandika tena, zikaanguka tena. Nikaandika kwa mkono wangu wa kawaida, hakuna kilichoanguka. Nikarudi kwenye mkono wa mama, zikaanguka. Nililia na kucheka kwa pamoja.

Kosa ni hili. Katika Ubao mpya, vijana fulani walitaka kufanya kazi bila kugusa kipanya cha kompyuta. Wakaweka kwamba mtu akikishikilia kitufe kirefu na huku akabonyeza herufi, ile herufi isiandikwe, iwe amri. Moja inanenepesha maneno, nyingine inapandisha mstari juu, nyingine haina kazi, inamezwa tu. Hawakuwaza kwamba yuko mtu duniani anayeandika dole gumba likiwa bado limekaa. Sisi wengine tunaliinua kwanza. Wewe huliinui, kwa sababu ya springi iliyokufa Ruponda kabla sijazaliwa. Ulikuwa unachapa vizuri kabisa, Mama Mkubwa, ila kwenye mashine ambayo haipo.

Nimeifungua hoja upya na tunabishana. Wanasema ni rahisi zaidi mama huyo ajifunze kuinua kidole. Nimewajibu kwa hasira kidogo, Marystella akanifutisha sentensi mbili. Nimewaambia huyo ni mtu aliyechapa miaka yote hiyo bila kukosea, na programu ndiyo iliyobadilisha tabia bila kumpigia hodi. Nimewatengenezea dawa: kitufe kikishikiliwa kwa muda mfupi, kama mtu aliye katikati ya kuandika, herufi iandikwe. Kiwe amri pale tu mtu anapokishikilia kwa makusudi, kwa muda mrefu. Hawajakubali bado.

Mwambie Faith asubiri. Nakuomba sana, usifungashe kitu.

Marystella mzima, mimi mzima, ming'oko ikipatikana unifichie yangu pembeni.

Mwanao,
Rogath


Ruangwa,
30 Juni 2025

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hii nampa Mayunga pamoja na flashi. Mwambie kijana wa steshenari akuwekee kilichomo, dakika chache tu.

Wamekubali. Kilichowageuza si maneno yangu. Baada ya kuieleza hoja vizuri, watu wengine wakaanza kujitokeza, mmoja huku mwingine kule, wakisema hata wao herufi huwa zinawapotea wanapochapa haraka, ila walidhani ni uchovu. Yule wa nchi ya baridi akajaribu mwenyewe kwa kukishikilia kitufe. Akaandika neno moja tu: samahani. Kisha akanisaidia kuinyoosha dawa yangu, maana kusema kweli ilikuwa na makosa yake.

Kuna kitu kingine nataka ukijue. Kwenye programu kama hizi, mtu akirekebisha jambo anaweka na jaribio lake, ili mwingine asije akaliharibu tena bila kujua. Jaribio ni kama mtu wa bandia anayechapa. Nimetengeneza mmoja anayekishikilia kitufe kirefu mpaka herufi inayofuata igonge, na sentensi anayochapa ni ile ya jina la mama. Kuanzia sasa, mtu yeyote, popote alipo, akitaka kubadilisha chochote ndani ya Ubao, ni lazima kwanza huyo achape na jina litoke zima. Lisipotoka zima, mabadiliko yake yanakataliwa. Jaribio lenyewe nimelipa jina Dole Gumba la Teodosia. Waliniuliza maana yake, nikawaambia ni jina la mtaalamu. Hawakuuliza zaidi.

Jaribu, halafu uniandikie. Kwa kuchapa.

Rogath


Nachingwea,
20 Julai 2025

Mwanangu mpenzi Rogath,

Tumsifu Yesu Kristo, na marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Tazama barua hii. Nimechapa mwenyewe kwenye Ubao, dole gumba limekaa palepale kama siku zote, na nimeipitia kama Sista alivyokuwa anapitia, kwa rula chini ya kila mstari. Ukikuta pengo, basi ni karatasi imetobolewa na panya.

Kuku wamekua, jogoo ni wawili, mmoja ni wenu. Mayunga nimemchapia upya barua yake bila malipo, akaisoma tena mkutanoni taratibu, kwa madaha, neno moja moja, ili kila aliyecheka aisikie. Njia ya ng'ombe bado wanaijadili. Ila hawakucheka.

Faith alikuja na begi tupu la kubebea vitu vyangu. Sikubishana naye. Nilimweka kwenye kiti, nikamwambia anisomee gazeti la kanisa kwa kasi anayoitaka, nami nikachapa. Alianza polepole, kama anavyoongea siku hizi. Nikamwambia, ongeza. Akaongeza. Nikamwambia, ongeza mwanangu, mimi si wa wodini kwako. Tulipofika chini ya ukurasa akaukagua wote, halafu akanishika mabega akalia. Kumbe naye alikuwa anaogopa miezi yote hii, na ule upole wake wote ulikuwa woga. Amerudi Dodoma na begi lake limejaa mbaazi.

Ile kompyuta ya pili. Umeme haukuwa tatizo, na wewe ulijua. Nilikaa mbele yake, nikaiwasha, nikaizima. Niliogopa herufi zingeanguka na huko. Nikaona afadhali nisijue, na nikakuandikia habari za mashine ya zamani ili usigundue kwamba sijakujibu. Ndivyo ulivyopata dawa, kwa kukwepa kwangu. Mungu anatushangaza.

Nimeona walikuambia ningeweza kujifunza kuinua kidole. Kweli ningeweza. Ila sasa najua kwa nini nisingependa. Ile mashine waliiuza vyuma chakavu, Sista alirudi kwao akafia huko, ofisi ile siku hizi ni stoo ya saruji. Kilichobaki cha benchi letu ni namna hii ya kukalisha dole gumba, na kwa miaka sikujua kwamba ninacho.

La mwisho, sikuwa nimemwambia mtu. Mwezi wa tatu, kabla ya kukujibu, nilikwenda Ruponda kumuaga mama yako. Niliwaza nitangulie kuaga wakati bado najua amelala wapi. Nikapalilia kaburi, nikamwambia, Teo, siku nyingine nikipita hapa bila kukusalimu, usininunie, nitakuwa nimeshapotea. Nikaondoka bila kugeuka.

Jana nimekwenda tena. Nimemwambia ile kwaheri nimeifuta, aihesabu kama haikuchapwa. Nikampa habari zako zote, na habari za dole gumba lake, kwamba linafanya kazi dunia nzima na kama kawaida ya parokia halilipwi. Nilikaa naye mpaka jua likapoa. Kisha nikarudi nyumbani kwa njia ileile, na sikumwuliza mtu.

Mama yako mkubwa,
Bertila